Baba Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumatano, 1 Aprili 1998

Sketi mbili za darasa la nne zimekwisha. Ya tatu imebaki upindo. Cherehani inakwaruza, unyevu umeingia kwenye vyuma. Nimeipaka mafuta na bado inalalamika. Mvua siku ya kumi na moja bila kupumzika. Nguo zinanuka uvundo kabla hazijavaliwa.

Nimeteremka ziwani kufua, nikakuta jiwe la kufulia halipo. Halijaibiwa, limezama. Ziwa letu hili halina mto wa kutokea. Maji yakiingia yameingia, yanangoja jua liyanywe, na jua tumelisahau. Redioni wameipa mvua hii jina, elinino. Mama Atu, jirani yangu, sasa kila kitu kinachomuudhi anakiita elinino, hata kuku wake.

Nimepika magimbi na maharage. Sehemu ya baba mkwe kapeleka Mama Atu, kama kawaida tangu wanangu waende kwa shangazi yao kule Makandana kusoma. Mimi siwezi kupeleka. Miaka kumi na moja nimeolewa hapa na uso wake siujui. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, na jina lake halitamkwi. Siliandiki hata humu, nyuma ya daftari la vipimo, ambamo hasomi mtu. Nikipita karibu na kwake nakohoa, naye anaingia ndani. Akipita yeye kwangu anakohoa, naingia mimi. Wasichana wa siku hizi wa Tukuyu mjini wanawapa wakwe zao mkono barabarani. Shauri yao.

Ninachomjua ni kikohozi, fimbo ikigonga mawe, na koti la kijivu likiwa limeanikwa kwenye kamba. Koti nilimshonea mimi, mwaka ule nilioolewa. Kipimo nilikisia kwa mwanawe.

Nyumba yake iko chini kwenye ubapa. Kutoka mlangoni hadi maji zilikuwa hatua themanini. Mama Atu kahesabu leo, arobaini.

Ijumaa, 3 Aprili

Balozi wetu wa nyumba kumi amechomeka mwanzi majini na kuutia alama kwa panga. Alama ya asubuhi, jioni haionekani.

Kikao kwa Balozi mchana. Nyumba tatu za chini zihame. Mbili zimekubali na zimeshaanza kubeba, mmoja kapanda kwa kaka yake, mwingine kwa wakwe zake. Imebaki ya baba mkwe. Yeye amekataa.

Kwangu hawezi kuja kwa sababu mimi nimo. Kwa Balozi hawezi kwenda kwa sababu ya mwanawe: mzee mwenye mtoto wa kiume na nyumba ya bati akilala kwa watu, watu watasema mtoto kamtupa. Nikatuma neno kwamba basi mimi nihamie kwa Mama Atu, yeye apande akae peke yake. Amekataa na hilo. Ati watasema amemfukuza mke wa mtu nyumbani kwake na mwenyewe hayupo. Kila mlango ana sababu ya kutoupita.

Mwenyewe, yaani mume wangu, yuko njiani na lori la ndizi kwenda Dar. Barabara imekatika, hatujui ni wapi. Mama mkwe angekuwapo angemaliza jambo hili kwa maneno mawili. Ana miaka miwili kaburini.

Nina hasira. Namhofia mtu nisiyemwona halafu namkasirikia.

Jumapili, 5 Aprili

Kanisani, Jumapili ya Matawi. Tumepunga matawi yaliyolowa, tukarushiana maji usoni. Mchungaji kahubiri juu ya Nuhu. Watu wa ziwani tumetazamana.

Baada ya ibada wanaume wamekwenda kuchimba mfereji, waugeuze mto mdogo unaoingia ziwani. Wamechimba hadi alasiri. Mto umeingia kwenye mfereji vizuri, ukazunguka shamba la Balozi, ukarudi ziwani kwa njia nyingine. Balozi amepoteza maharage yote na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe.

Hatua ishirini na mbili.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimepata wazo nikiwa nafagia. Pazia.

Chumba cha mbele nikigawe kwa pazia, kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye mlango wa mbele, mimi mlango wa jikoni. Kukohoa kabla ya kutoka. Nina jora la tetroni ya bluu limelala kabatini mwaka wa pili. Nililinunua kwa sketi za shule. Kisha mitumba ikajaa sokoni na sare zilizokwisha kushonwa zikaanza kuletwa kutoka Mbeya, wazazi wakanikimbia. Soko huria limeniachia kitambaa cha kutosha kumficha mzee mzima.

Nimeshona mchana kutwa. Sijashona kwa bidii hivi tangu mwaka juzi.

Jumanne, 7 Aprili

Mama Atu amepeleka habari za pazia. Amerudi na swali moja: je, linafika chini? Maana miguu ikionekana ni sawa na kuona mtu.

Nimeliongeza upindo wa kiganja kizima, nikalitundika.

Amepelekewa jibu. Kasema atafikiri. Maji yamefika kwenye mgomba wake wa kwanza na mzee anafikiri.

Jumatano, 8 Aprili

Bado anafikiri.

Alhamisi, 9 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Mama Atu aliondoka alfajiri kwenda sokoni Tukuyu na mikungu yake. Saa nne mvua ilimwagika, si ya matone tena. Wanaume wote walikuwa ng'ambo na Balozi, wanaokoa ng'ombe. Saa saba nikasikia kwamba gogo la kuvukia mtoni limechukuliwa. Mama Atu hawezi kurudi. Chakula cha mzee kiko kwangu, kimefunikwa. Nikasimama ukumbini nikatazama chini. Maji yalikuwa mlangoni kwake.

Sikukaa kufikiri. Nilijitanda khanga kichwani mpaka machoni, nikateremka. Nilipofika kwenye migomba yake, maji yalinifika nusu ya muundi. Nikakohoa ili ajue nipo, atoke.

Akafunga mlango.

Nikakohoa tena, kwa nguvu. Nikamsikia anaweka komeo. Nikasema moyoni, mzee huyu ana wazimu. Nikakohoa mpaka koo likaniuma. Ndani akajibu kwa kikohozi chake, kile kifupi, cha adabu. Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa anapanda juu ya kitanda.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Miaka kumi na moja kikohozi changu kimemwambia jambo moja tu: napita, ingia ndani. Na chake kinasema: nimesikia, nimeingia, pita kwa amani. Mimi namwita nje na kila nikimwita namfungia. Angekufa kwa heshima yangu.

Nikanyamaza. Nikajificha nyuma ya mgomba, nikijua akidhani nimeondoka atatoka. Hakutoka. Mtu mwenye adabu hatoki mara moja, humpa mkamwana muda wa kufika mbali. Nilimlaani kwa adabu yake. Maji yakafika magotini. Ukuta wa nyuma ukatoa sauti, udongo ukashuka wote pamoja, mianzi ikabaki wazi.

Nikasema. Kwa sauti. "Baba, tokeni nje. Nyumba inaanguka."

Sauti kutoka ndani, "Nani?"

"Mimi. Mkamwana wenu."

  Akasema, kwa upole kabisa, "Basi geuka."

Nikageuka, nikatazama ziwa. Nikasikia komeo. Nikasikia maji yakikatwa na miguu, kisha fimbo ikiteleza, kisha akaanguka. Sikutazama. Nilirudi nyumanyuma nikichuchumaa, nikamwambia apande mgongoni. Akasema haiwezekani. Nikamwambia, baba, maji hayajui mila. Sijui nilitoa wapi ulimi huo. Akapanda.

Si mzito. Nimebeba matenga ya ndizi yanayomzidi. Mikono yake ikaja mbele ya uso wangu, nami nikaona mikono ya koti la kijivu, mikunjo yake imefumuka. Mikono mitupu. Vidole havionekani, vimezama ndani, na koti linaning'inia mbele kwa kiganja kizima. Kazi yangu mwenyewe. Miaka kumi na moja namvika mzee wa watu koti la mtu mwingine.

Njia nzima alikohoa. Mgongoni pangu, kila hatua chache, kho, kho, kunitahadharisha kwamba yupo karibu. Nilianza kucheka. Nilicheka na kulia na kuteleza. Tulipofika kwenye mibuni tulisikia nyumba ikilala majini nyuma yetu. Hatukugeuka, wala yeye wala mimi.

Nilimweka mbele ya mlango wake, wa mbele. Nikazunguka nikaingia kwa jikoni. Nikapitisha chakula chini ya pazia. Kilikuwa kimepoa.

Ijumaa, 10 Aprili

Ijumaa Kuu. Yuko upande wa pili. Namsikia akipumua. Namsikia akijikuna.

Balozi na wanaume wamekuja mapema. Balozi alisimama mlangoni akamwamkia mzee, akaja mlango wa jikoni akaniamkia mimi, na kila upande alisema "ndaga", asante, mara tatu. Aliona aibu. Wao waliokoa ng'ombe saba. Hakuna aliyefikiri kwamba mzee angebaki. Wamezamia kwenye maji wakatoa kitanda, nguzo mbili, chungu na Biblia iliyovimba.

Mama Atu karudi mchana, matope hadi kiunoni, na habari ilishamfikia njiani. Habari imefika hadi kule Suma, nadhani. Karudi nayo ikiwa imekua: ati nilimbeba kifuani.

Jioni kaja Bibi Sekela. Ndiye mkubwa wetu wanawake wa ziwani na ndiye mwenye sheria. Hakukaa. Aliniambia, "Gwe, hukubeba kuni. Miguu itafimba." Miguu itavimba, na watoto hawatakuwa na bahati mpaka jambo litengenezwe mbele ya watu.

Mimi nimebatizwa, na nina kidato cha nne. Nimetazama miguu yangu mara sita tangu aondoke.

Jumamosi, 11 Aprili

Muundi wa kushoto umevimba kidogo. Au ndivyo ulivyo siku zote. Sijawahi kuutazama hivi.

Naogopa. Siogopi kwa ajili yangu. Naogopa kwa wale wawili walioko Makandana.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani, sikutaka kutazamwa. Naye hakwenda, hana viatu.

Saa ya ibada nilikuwa namenya ndizi za mbalaga. Akaanza kuimba upande wa pili. Wimbo wa ufufuo, Kinyakyusa, sauti ya chini kabisa, ile ya wanaume wa zamani waliofundishwa na wamisionari. Kumbe ana sauti. Aliimba ubeti wa kwanza peke yake. Wa pili nikaingia na sauti ya kwanza, taratibu, nikijifanya naimbia ndizi. Hakusita. Tuliimba beti zote nne. Tulipomaliza alikohoa, nami nikakohoa.

Nimelia kidogo jikoni. Vitunguu havikuwapo, siwezi kuvisingizia.

Jumatano, 15 Aprili

Mzee anakoroma. Mzee anaamka saa kumi. Mzee anasukuma pazia kwa fimbo akitafuta mlango.

Na mzee ana ulimi. Leo alimsemesha paka, maana paka hupita chini ya pazia bila kukohoa. "Paka, mwambie mwenye nyumba chumvi imemponyoka." Nikamjibu paka huyohuyo, "Mwambie mgeni chumvi ya leo ni ya jana na kesho." Nikasikia anacheka, kicheko cha puani. Mume wangu hucheka vivyo hivyo. Sikujua alikitoa wapi.

Nikapata ujasiri. Nikamwambia paka amuulize mgeni kama koti lake linamtosha.

Akamjibu paka. "Mwambie linatosha."

Mwongo.

Mwanzi wa Balozi: alama moja tu tangu jana. Siku zilizopita zilikuwa tatu.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua imepungua, ya vipindi. Ziwa limemeza ubapa wote. Pale palipokuwa na nyumba yake kuna vichwa vya migomba vinaelea kama watu wanaooga.

Mama Atu kaniambia, watu wanasema mzee akae tu kwangu, pazia lipo. Wengine wanasema haiwezekani, pazia si ukuta. Bibi Sekela ameitisha watu Jumapili. Jambo litengenezwe.

Sijala vizuri. Mtu anaweza kufanya jema akaja kuulizwa kama mwizi.

Jumapili, 19 Aprili

Walikutana uwanjani kwangu baada ya ibada. Wanaume upande wa mbele, wanawake upande wa jikoni, nyumba katikati. Baba mkwe alikaa kwenye ukumbi wa mbele, mimi kizingitini mwa jikoni. Mama Atu na Balozi walisimama kwenye pembe ya nyumba, wakipokezana maneno ya pande mbili.

Bibi Sekela akaanza. Akaeleza sheria yote, tangu mwanzo, kwa mkato wake. Haikuwa fupi. Kisha akauliza mzee anasemaje.

 Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka nikaona khanga inaruka.

Balozi akaleta jibu. Mzee anasema, alipopanda alifumba macho, na aliyafumbua alipowekwa chini. Hakumwona mtu. Alisikia tu mgongo.

Wanaume wakacheka. Bibi Sekela hakucheka. Akanigeukia. Nami nikasema, kupitia Mama Atu, kwamba nilitazama njia. Niliona matope, mibuni na mikono miwili ya koti isiyokuwa na mtu ndani.

Bibi Sekela akakaa akifikiri. Alinitazama miguu, bila aibu, mmoja kisha mwingine. Akasema, "Basi hamjaonana. Aliyebebwa ni koti."

Kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Mzee akatoa jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa Mama Atu, mzee alimkopa, maana wake wote walizama. Akachinjwa, akapikwa na ndizi, akaliwa na watu wote, kila mtu kipande cha ukubwa wa kidole. Bibi Sekela alikula shingo. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanong'ona kwamba yeye baba mkwe wake alikufa kwa homa peke yake ndani ya nyumba, mwaka wa njaa, na yeye yuko nje anakohoa. Kisha akaenda zake na fimbo yake.

Nimebaki nimesimama. Sheria nzima ile, na moyoni alikuwa amebeba hilo.

Nimelala mchana, usingizi mzito. Nimeamka miguu ikiwa miguu.

Jumatatu, 20 Aprili

Balozi kaja na neno jipya. Wanamjengea mzee nyumba, juu ya shamba langu la migomba, umbali wa ukelele mmoja kutoka mlangoni kwangu. Ardhi ni ya mwanawe, kwa hiyo hatalala kwa watu. Mlango utatazama ziwa, mgongo utatazama kwangu, kwa hiyo hatuonani. Kila sababu imepata jibu. Ingefikiriwa tarehe tatu, nyumba ingekuwa na moshi tayari. Lakini tarehe tatu hakuna aliyekuwa ameshaona aibu.

Kila kaya mianzi kumi. Watu wa nyumba mbili zilizohama nao wameleta, na wao wenyewe hawana pa kulala.

Jumatano, 22 Aprili

Siku mbili. Jana mianzi na fito, leo kukandika. Wanawake tumekanyaga udongo kwa miguu, tumeurusha ukutani na kurushiana. Mama Atu kanipata sikioni. Nimempata kinywani, alikuwa anasema. Wanaume waliezeka majani kwa muda, bati litakuja siku nyingine. Nimepika sufuria mbili za maharage, zote zimekwisha kabla sijajipakulia.

Ziwa halijapanda siku ya nne. Balozi ameutazama mwanzi wake, kisha akautazama kwa upande mwingine, kama mtu asiyeamini saa yake.

Jioni baba mkwe amehama. Alikohoa mlango wa mbele, kirefu kuliko desturi. Nikamjibu. Fimbo ikapanda mlimani, ikigonga mawe.

Nyumba imekuwa kimya mno. Paka anapita chini ya pazia na kurudi, hana habari ya kupeleka.

Jumamosi, 25 Aprili

Mume wangu amerudi. Siku kumi na tatu walikwama Iringa, ndizi zote zimeoza, wamezitupa kwenye korongo. Kakonda. Alipoteremka kwenye lori Tukuyu mtu alimwambia baba yake amezama. Mtu mwingine akamwambia hapana, amebebwa na mkewe. Alikimbia kutoka barabarani mpaka hapa.

Alifika akasimama katikati ya chumba, akatazama pazia, akauliza baba yuko wapi. Nikamwonyesha moshi juu ya migomba. Akakaa chini sakafuni. Alikaa muda mrefu na kofia mkononi.

Kisha akataka nimsimulie. Nilipofika kwenye kikohozi cha mgongoni alicheka puani, kisha hakuweza kuacha, akacheka mpaka akalala chali. Nami vivyo hivyo. Sijacheka hivi tangu Krismasi.

Jumapili, 26 Aprili

Kanisani sote. Kutoka upande wa wanaume, nyuma, sauti ya chini. Sikuhitaji kugeuka.

Jumatano, 29 Aprili

Jua mchana kutwa. Mablanketi yote nje. Ziwa limeshuka upana wa kidole. Balozi kapita kila nyumba kutangaza hicho kidole.

Siku hizi asubuhi, mzee akiamka, anakohoa kule juu. Hapiti, hatoki, anakohoa tu. Siku ya kwanza nilikimbia kuingia ndani. Siku ya pili nikaelewa. Ananiuliza kama tumeamka. Nakohoa, tumeamka.

Jumatatu, 4 Mei

Ziwa limeshuka kiganja. Jiwe la kufulia bado. Nimefulia kwenye beseni.

Nilituma neno kupitia Mama Atu kwamba nahitaji vipimo vya mzee. Vyake, si vya mwanawe. Nilidhani mzee atafikiri siku nne. Amekuja leo hii, kabla ya chai. Akakohoa, akasimama uwanjani kwangu akiwa amenipa mgongo, uso ziwani, mikono ameinyoosha pembeni kama sanamu ya kufukuzia ndege. Nikatoka na futikamba. Mama Atu alikaa kizingitini awe shahidi.

Mgongo wake ni mdogo. Bega la kulia limeshuka kidogo, la jembe. Koti la kijivu mikono ilikuwa imekunjwa mara mbili, na mikunjo imekaa hapo miaka mpaka imechanika kwenye mstari. Hakuna siku aliyowahi kulalamika.

Paka akapita katikati yetu. Mzee akamwambia, "Mwambie fundi asisahau mfuko wa ndani."

Nikamwambia paka, fundi hasahau.

Nimeandika upande wa mbele wa daftari, kwenye vipimo, pamoja na wateja wengine. Mgongo inchi kumi na sita. Urefu ishirini na saba. Mkono ishirini na moja na nusu. Lile la zamani nilikata ishirini na tano. Mahali pa jina nimeandika "Baba".

Pazia nimelishusha, nimelifua. Limekauka mchana huohuo. Kesho nakata koti.